Kidole cha Dada

Dada yangu amefua shuka za hospitali kwa miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo yote sijawahi kumsikia akisema amechoka. Husema "nakuja", kisha analala. Ukimuuliza kitu akiwa anavua viatu mlangoni, atakujibu nusu, na nusu iliyobaki utaisubiri mpaka Jumapili.

Kwenye karatasi, kazi yake ni saa nane kwa siku. Saa nane si nyingi, wanasema, hata sheria imeridhia. Wasichosema ni kwamba hizo saa nane zina watoto. Kuna saa moja ya chakula, ambayo haihesabiwi ila huruhusiwi kuvuka geti. Kuna nusu saa ya kubadili nguo asubuhi na nusu saa jioni. Kuna saa moja na nusu ya kwenda, na saa za kurudi ambazo zinategemea foleni ya magari na huruma ya Mungu. Siku moja nilizijumlisha zote, maana muda nilikuwa nao, zikafika karibu kumi na nne. Alikuwa akitoka nyumbani jua bado halijatoka, na akirudi limeshazama.

Mimi sikuwa na kazi. Nasema mapema ili mtu asije akaniumbua baadaye. Dada alikuwa na kazi bila muda, mimi nilikuwa na muda bila kazi, na Mama alizoea kusema kwamba tungesagwa pamoja angepatikana mtu mmoja wa maana.

Mama ndiye wa tatu katika vyumba vyetu viwili. Ana presha ya macho. Daktari alishatuambia bila kuzunguka kwamba macho hayo yanakwenda na hayarudi, na kwamba dawa ya matone kazi yake ni kuyachelewesha tu. Ndani ya nyumba, hata taa ikiwaka, Mama alikuwa anaona ukungu. Ila uani, kuanzia saa sita mpaka kama saa tisa, jua likiwa kali kabisa, alikuwa bado anaona. Basi kazi yangu, kama ni kazi, ilikuwa kumtia matone, kumtoa nje, na kusogeza kigoda chake kila jua linaposogea. Kila akikaa vizuri alinitazama na kusema neno lilelile: "Hizo ndevu zako utazinyoa lini? Umekuwa kama mtu anayetafutwa."

Mchana mmoja, badala ya ndevu, akauliza, "Hivi dada yako siku hizi anafananaje?"

Nikacheka. "Anafanana na Dada."

"Sijamwona mwaka umepita, mwanangu, na zaidi. Nasikia mlango, nasikia maji, nasikia kikohozi. Nina mtoto kama redio." Akapangusa macho. "Nataka nimwone sura yake mara moja, juani, kabla hayajafungwa. Lakini usimwambie. Atajisumbua."

Nilimwambia siku hiyohiyo. Alikuwa anapiga mswaki, akalia na mswaki mdomoni.

Najua utauliza: Jumapili je? Jumapili Dada hulala. Hujifunika shuka gubigubi kutoka alfajiri mpaka magharibi, na Mama alikuwa haruhusu mtu hata adondoshe kijiko. Lakini Jumapili hiyo Dada alijikaza. Saa saba mchana akatoka uani, akakaa mbele ya Mama kwenye ndoo iliyopinduliwa, tayari kutazamwa. Mama akaegemea mbele. Kabla hata hajamfikia, kichwa cha Dada kikashuka, kikatua magotini, na mkoromo ukaanza.

Nikataka kumwamsha. Mama akanipiga kofi la mkono. "Mwache!" Akakaa hivyo saa nzima, anautazama utosi wa binti yake. Jua lilipoondoka akasema, "Ana mvi hapa katikati." Hiyo ndiyo sehemu ya Dada aliyoiona siku hiyo.

Jumapili iliyofuata mvua ilinyesha. Nyingine, mwenzake kazini alijifungua, Dada akaitwa kushika nafasi. Tukakubaliana aombe ruhusa ya nusu siku, siku ya kazi, aje nyumbani mchana akiwa bado ana akili zake. Nusu siku moja katika miaka kumi na mmoja. Tuliona ni jambo dogo.

Kumbe mwezi huohuo walikuwa wamefunga mashine ukutani, kwenye mlango wa chumba cha kufulia. Unaweka kidole, na sauti ya mwanamke mpole inakwambia "Asante", au inakwambia "Tafadhali jaribu tena". Kwa Dada ilisema jaribu tena, na ikaendelea kusema hivyo siku zote. Maji ya moto na sabuni kali za miaka kumi na mmoja zilikuwa zimefuta alama zote za vidole vyake. Ukivitazama vinang'aa kama mgongo wa kijiko.

Siku aliyoomba ruhusa, alirudi jioni na jibu la afisa utumishi. Afisa huyo si mkali, tuseme ukweli. Ni mtu wa upole mwingi, anayekuharibia maisha huku akikukaribisha kiti.

"Amesema hawezi kunipa ruhusa," Dada akasema. "Eti kwenye mfumo sijafika kazini wiki tatu."

"Na shuka amefua nani?"

"Nimemuuliza hivyohivyo. Amesema, dada yangu, ruhusa ya kuondoka hupewa mtu aliyepo."

"Si umwite msimamizi wako? Anakuona kila siku."

"Alikuwepo. Amesema macho yake si mfumo."

Mama alikuwa kitandani, anasikiliza. Alijigeuza akaelekea ukutani.

Kesho yake Dada alisahau chakula chake mezani, nami nikampelekea. Nilifika mchana, nikakuta watu wamejaa pale mlangoni. Walikuwa wamemaliza kujaribu vidole vyote kumi. Wenzake wawili walikuwa wamemshika Dada makwapani, wamemwinua, naye amenyoosha mguu ukutani, kidole gumba cha mguu juu ya kioo cha mashine.

"Tafadhali jaribu tena," mashine ikasema.

"Tujaribu cha kushoto," akasema afisa, kompyuta yake ndogo mkononi.

Walijaribu cha kushoto. Walijaribu baada ya kukipangusa, kisha baada ya kukilowesha. Fundi mmoja wa umeme aliyekuwa anapita akapendekeza kiwiko. Dada mwenyewe alikuwa haoni haya wala hasira, alikuwa ananing'inia tu, na nadhani kidogo alikuwa anasinzia.

Nikaropoka. "Mashine yenu mbovu!"

Afisa akageuka, akanitazama kwa huruma. "Mashine ni nzima, kaka. Hebu weka kidole chako hapo, uone."

Nikaweka. "Asante," mashine ikasema, na pale kwenye kioo chake ikatokea picha ya Dada, jina lake na namba yake ya kazi. Afisa alikuwa amesahau kufunga ukurasa wa kumwandikisha Dada. Kidole changu kilikuwa kimeandikishwa kama cha Dada.

Alijaribu kukifuta, asisingiziwe. Mfumo ukataka mwenye kidole athibitishe, nikathibitisha. Kisha ukataka mwenye jina naye athibitishe kwa kidole chake, na hapo tukarudi kulekule kwa jaribu tena. Afisa akajikuna shingo, akatafakari, halafu uso ukamkunjuka.

"Tuangalie upande wa heri," akasema. "Wiki tatu dada hakuonekana. Leo ameonekana. Kilichobaki ni huyu kaka aje."

"Nije lini?"

"Kila siku. Saa moja asubuhi, na jioni wakati wa kutoka. Na saa sita, maana kuna watu walikuwa wanatoroka mchana."

"Mimi sijaajiriwa hapa."

"Wala huhitaji kuajiriwa, ni kidole tu."

"Sasa kidole kitakujaje bila mimi?"

Alilifikiria hilo kwa dhati kabisa, naapa. Mwishoni akasema, "Kidole kimoja hakivunji chawa, kaka. Tusaidiane." Halafu akatuambia habari njema: mfumo ukimwona Dada siku thelathini za kazi mfululizo, fomu ya ruhusa itafunguka yenyewe.

Siku thelathini. Nilimtazama Dada, Dada akanitazama. Tulikuwa tunawaza kigoda cha Mama, nani atakisogeza. Nikasema sawa.

Nikaanza kuamka saa kumi alfajiri kama mtu mwenye mshahara. Kwa kuwa kurudi nyumbani katikati ya siku ni saa tatu za barabara, ilibidi nishinde hukohuko, na wakaniwekea benchi karibu na mashine. Siku ya kwanza nilikaa. Siku ya pili nilikaa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu msimamizi, mtu wa suruali iliyopigwa pasi mpaka mstari unaweza kukukata, akanisukumia kitoroli cha shuka. "Kidole," akaniita, "kuliko kukaa tu, kunja." Nikakunja. Kabla wiki haijaisha walikuwa wamenishusha kwenye madumu ya kuloweka, kusugua kwa mkono zile zenye madoa ya damu, na nilikuwa nimeamriwa kunyoa ndevu zote, eti nyuzi na vumbi la nguo hukaa humo. Nilinyoa chooni kwao, kwa wembe wa kuazima.

Jina langu likapotea. Mlinzi wa geti alikuwa ananisalimu, "Kidole, umeamkaje?" Wauguzi waliokuja kuchukua shuka walisema, "Mwambieni Kidole atuongezee foronya." Nilikuwa mtu mzima asiye na kazi ambaye hana hata dakika moja.

Na Mama? Jirani wa mlango wa pili alikubali kumtia matone na kumtoa nje. Lakini jirani ana mambo yake. Alimweka pale, na jua lilipohama, kigoda hakikuhama. Mama alikuwa anabaki kivulini, anasubiri. Nilikuwa namwambia jirani kila asubuhi asogeze, na kila jioni Mama ananiambia amesogezwa. Mama hajui kusema uongo, sauti huwa inapanda.

Nikajiambia Jumapili nitakaa naye. Aibu yangu naiandika hapa: Jumapili nililala. Mimi, niliyemcheka Dada! Nilijifunika gubigubi kama yeye, yeye chumba hiki, mimi kile, na Mama akakaa katikati mlangoni akiwanyamazisha watu wa uani. "Polepole jamani, wanangu wamepumzika." Jirani ndiye aliyetusimulia.

Siku ya thelathini na moja fomu ikafunguka. Dada akapewa nusu siku, Alhamisi, kuanzia saa nne. Palikuwa na sharti moja dogo: kidole kibaki, kwa sababu mfumo unatambua ruhusa lakini bado unataka kuona kama mwenye ruhusa yupo. Nikabaki, nikafua za kwangu na za kwake.

Kwa hiyo hiki kifuatacho sikukiona, nilisimuliwa.

Dada alifika nyumbani saa sita kasoro. Alikuwa amenawa uso barabarani mara mbili asisinzie. Mama alikuwa kwenye kigoda, na Dada akamsogeza mwenyewe mpaka jua likamwagika juu yao wote wawili. Mama akamshika kidevu. Akamgeuza kulia, akamgeuza kushoto, kama mtu anayekagua nguo iliyotoka kufuliwa.

"Hapa pana kovu," akasema, na kugusa juu ya nyusi. "Umelipata lini?"

"Mwaka juzi, Mama. Mvuke."

"Mwaka juzi! Na hukuniambia."

"Nilidhani umeliona."

Mama alilia, Dada akalia, na jirani anasema naye alilia, ingawa huyo hulia hata kwenye matangazo ya redio. Halafu Mama akawa na furaha ambayo haijaonekana nyumbani kwetu miaka mingi. Alimtazama Dada mpaka akachoka kutazamwa. Alihesabu mvi. Alimwambia kwamba meno yake bado mazuri.

Kisha akaangaza uani. "Na mwenzako? Mwite naye, niwaweke pamoja."

"Yuko kazini, Mama."

"Kazi gani? Yule hana kazi."

"Ameshika nafasi yangu."

Mama akafikiri. "Basi nitamwona kesho," akasema.

Nilipoambiwa hivyo jioni ile nilifurahi, wala sikuogopa. Mimi Mama alikuwa amenitazama mchana kutwa kwa miaka, niliona kama nina akiba. Nikasema Jumapili. Jumapili nikaamka saa kumi na moja jioni, uani kumeshaingia kivuli. Jumapili iliyofuata nilimwambia Dada aniamshe, Dada naye alikuwa amelala. Nikaanza kuogopa. Jumatatu nikaenda kwa afisa.

Akanikaribisha kiti. Nikamwomba nusu siku, kama ya Dada, Mama yangu macho yanakwisha. Alisikitika kwelikweli, akatikisa kichwa, akafungua kompyuta yake, akanitafuta kwa jina langu, ambalo ilibidi nimtajie mara mbili.

"Hupo, kaka," akasema.

"Najua sipo. Lakini niko hapa kila siku."

"Aliyeko hapa kila siku ni dada yako. Tena rekodi yake sasa ni safi sana, tunafikiria kumpa cheti. Wewe huna ajira, siwezi kukupa ruhusa ya kukosa kazi ambayo huna."

"Basi naondoka tu."

"Unaweza kuondoka saa yoyote, wewe ni mtu huru. Ila dada yako atakuwa ametoroka kazini, na hapo mikono yangu imefungwa."

Nikarudi kwenye madumu. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilisugua shuka moja ikatoboka. Wiki zikapita, sizihesabu, kila moja nikisema ijayo. Sabuni ile inauma siku za mwanzo, baadaye unazoea, halafu unaacha kuisikia kabisa.

Asubuhi moja, Jumatano, nikaweka kidole. "Tafadhali jaribu tena."

Nikapangusa. "Tafadhali jaribu tena." Nikakigeuza kwenye mwanga, nikakitazama. Kilikuwa laini, kinang'aa.

Afisa akaitwa, akaja na upole wake wote. Alinishika mkono, akakipapasa kidole changu, akaguna. Nyuma yangu foleni ilikuwa inasukumana. Dada alikuwa amesimama pembeni, amekishika kidole gumba cha mkono wake kana kwamba kinauma.

"Kule nyumbani," afisa akauliza kwa sauti ya chini, "kuna ndugu mwingine?"

"Hakuna. Kuna Mama tu."

Akafikiri. "Na vidole vyake mama vikoje?"

Nilimwambia neno ambalo siliandiki, kwa heshima ya msomaji. Halafu nikavua aproni, nikaitundika kwenye mashine yao, nikafunika kile kioo, na nyuma yangu nikaisikia ile sauti ikiiambia aproni ijaribu tena. Dada akapaza sauti, "Nenda! Kimbia!" Nilikimbia mpaka getini.

Foleni ilinishika, lakini saa sita nilikuwa nyumbani. Jua lilikuwa kali, uani hapakuwa na kivuli hata cha kamba ya nguo. Mama alikuwa kwenye kigoda chake, mahali penyewe hasa, ameinua uso. Nikachuchumaa mbele yake, karibu, nikauweka uso wangu kwenye mwanga kama alivyofanya Dada.

"Nani?"

"Mimi, Mama. Nimekuja unione."

Akatabasamu. Akanishika mikono yote miwili, akaikaza magotini pake, akanitazama. Alinitazama kwa muda mrefu, nami sikusogea, sikupepesa. Jasho lilikuwa linanitiririka kwenye mashavu, moja kwa moja hadi kidevuni, na sikulifuta.

"Haya, nimekuona," akasema, na sauti yake ikapanda kidogo. "Hujabadilika hata kidogo. Na hizo ndevu zako, mwanangu, utazinyoa lini?"

"Nitazinyoa, Mama," nikasema.